Sita Bila, Sita kwa Moja

Kwenye fomu waliuliza: kiwango chako?
Nikaandika "wastani", nikafuta.
Nikaandika "naanza", na kalamu ikakwama
kama lori la simenti kwenye foleni ya Malaba.
Umri: arobaini na tatu. Klabu: sina.
Nina ukuta wa ghala la pamba, hapa Tororo,
ambao nimeuchapa kwa miaka miwili, jioni,
hadi Emuron, mlinzi, akaniita Mama Ukuta.

Ukuta haukosi mpira.
Haukohoi, hauinami kufunga kamba za viatu
wakati moyo wako umeshika moto.
Nilidhani naijua tenisi.
Kumbe naujua ukuta.

Jinja, Jumamosi, saa mbili na robo asubuhi.
Jina langu kwenye ratiba limepoteza herufi:
Nyafono, uwanja wa tatu, dhidi ya Kisakye.
Nikatafuta mtu mzima kwa macho.
Akaja msichana wa miaka kumi na sita,
raketi tatu begani, chupa mbili za maji,
akapiga goti pale wavuni kunisalimu,
kwa adabu zote alizofunzwa kwao.
Kisha akainuka, akaanza kunichapa.

Sikujua kwamba hakuna refa,
kwamba kila mtu ni hakimu wa upande wake.
Sikujua habari ya kubeba ndizi.
Sikujua kwamba mkono huu huu
unaogonga mihuri mia tatu kwa siku
unaweza kusahau kazi moja:
kurusha mpira juu, na kuungoja.

Gemu ya kwanza sikuiona.
Ya pili niliisikia.
Seti ikaisha kabla kivuli cha nguzo hakijafika kwenye benchi.

Kazi yangu mimi ni mizani.
Lori hupanda, namba hutokea,
dereva huapa kwa kaburi la mama yake kuwa ni viazi tu.
Miaka kumi na saba nimesoma uzito wa wengine.
Kuna siku nilisoma sawasawa.
Kuna siku niliangalia dirishani. Hizo ni zangu.

Seti ya pili, nne bila, naanzisha mimi.
Sijui vipi, arobaini kwa thelathini, mimi mbele.
Mpira wake ukatua nyuma yangu, kwenye kona
asipoweza kuona yeye, ninapoona mimi.
Udongo mwekundu hautunzi siri.
Alama ilikuwepo, nyembamba kama ukucha,
imegusa chokaa kwa upana wa unywele.
Kidole changu kilishainuka.
"Nje" ilishafika kwenye meno.
Nikaimeza, na ilikuwa na tani zake.
"Ndani," nikasema. "Sare."
Kisakye akanitazama, mara ya kwanza siku ile,
si kama anavyotazama shangazi.

Pointi mbili zilizofuata sitazieleza vizuri.
Moja iligonga utepe wa wavu, ikadondokea kwake: bahati tupu.
Nyingine niliipiga kwa matofali yote ya lile ghala;
akanyoosha raketi, akashika upepo.
Gemu moja.
Muuza rolex pale langoni alinishangilia,
mkono mmoja ukipiga paja,
mwingine ukigeuza chapati.

Halafu nikafungwa. Haraka, bila chuki.
Dakika arobaini na nane, nauli elfu arobaini,
lengelenge moja chini ya kidole gumba.

Jumatatu jioni Emuron alikuwa kwenye kiti chake,
redio magotini.
"Umeshinda?"
"Gemu moja."
"Kati ya ngapi?"
"Kumi na tatu."
Akapunguza sauti ya redio, akahesabu kimoyomoyo,
akaelekeza rungu kwenye ukuta.
"Huyu hajawahi kukupa hata hiyo."

Fomu ya Mbale iko mfukoni, imekunjwa mara nne.
Kiwango bado sijakijaza.
Nikarusha mpira juu. Nikaungoja.